Nilinunua Nusu Mbili za Pikapu

Siku pikapu yangu ilipokatika vipande viwili nilikuwa nateremka kutoka Kimulot, saa tatu asubuhi, nimebeba ng'ombe mmoja tu. Alikuwa mtamba mwenye mimba, wa Mzee Arap Birir, na mzee mwenyewe alikuwa ameketi kando yangu akinieleza ubaya wa mkwe wake.

Nilisikia kishindo nyuma ya kiti. Hakikuwa kikubwa, kilikuwa kama mtu amefunga mlango wa jikoni kwa hasira. Halafu usukani ukawa mwepesi, na nyinyi mnaoendesha mnajua usukani mwepesi kwa mteremko si habari njema. Pua ya gari iliinuka. Niliacha kuona barabara nikaona mbingu. Nilipokanyaga breki ikaenda mpaka chini kama nimekanyaga matope, tukaingia kwa chai ya watu, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, tukasimama. Kifundo cha mguu wangu wa kulia kilikuwa kimebanwa kati ya pedeli na chuma fulani ambacho mpaka leo sijui kilitoka wapi.

Mzee alifungua mlango, akashuka, akajipangusa, akaangalia barabarani. Kule nyuma, kama hatua arobaini, bodi ya nyuma ya pikapu ilikuwa imebaki peke yake, imeinama, na mtamba amesimama ndani yake akicheua. Alikuwa anatuangalia vile mtu anaangalia majirani wakigombana.

"Ng'ombe yangu iko sawa," mzee akasema. "Ni gari yako imejifungua."

Nilicheka. Mguu umevunjika, mafuta yananuka, na nilicheka mpaka wachuma chai waliokuja kunitoa wakafikiri nimeumia kichwa.

Basi hapo ndipo kazi yangu ya miaka ishirini na sita iliishia. Nina miaka hamsini na nne, na mguu ambao unajua mvua itanyesha kabla ya watu wa redio. Sikustaafu kwa kupenda. Mwenye pikapu akikosa pikapu amestaafu. Nyinyi vijana mnaonipita hapa kwa stendi ya mizigo mkiniuliza, "Mzee, hii pikapu ya fulani ninunue?" nimechoka kuwajibu mmoja mmoja, kwa hivyo nimeandika. Shule niliacha darasa la sita. Binti yangu Chebet amenisahihishia, lakini nimemkataza kuondoa majina wala swali la mwisho, kwa sababu kuna mtu ninataka ajibu kuhusu gari hiyo, na atajibu.

Mtu aliyenifundisha magari anaitwa Okelo. Alikuja kutoka upande wa ziwa kufanya kazi kwa karakana ya shamba kubwa la chai, na mimi nilikuwa naosha matrekta hapo. Okelo alikuwa mrefu kama mlingoti na hakuwahi kuinua sauti, lakini ukimpa spana namba kumi na tatu na alikuwa ametaka kumi na nne, angeishika, aiangalie, akuangalie, akurudishie polepole. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko kofi. Kipsigis alijifunza kwa kusikiliza, na alisema salamu yetu "chamgei" kwa lafudhi ya Kisumu mpaka akina mama sokoni walikuwa wanamsalimia mara tatu tatu ili wamsikie tu.

Yeye ndiye aliniambia gari ya kuuzwa ni kama bwana harusi: ikiwa imeoga sana, uliza inaficha nini. Injini inayong'aa imeoshwa ili usione mahali mafuta yanavuja. Injini yenye vumbi kidogo ni injini mkweli.

Mengine nitawapa vile alinipa. Enda mapema, hata kabla hawajakutarajia, uweke kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, mwenye gari ameiwasha kabla hujafika, kwa sababu asubuhi inakataa kuwaka na hataki ujue. Usiangalie ile saa ya kilomita, hiyo ni hadithi ya mwenye kuuza; angalia raba ya pedeli ya klachi. Raba ikiwa imeisha mpaka chuma, na saa inasema gari imetembea kidogo, basi dereva alikuwa anacheza ngoma juu ya klachi. Inua kapeti unuse kama kuna kutu. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa uitembeze kwa bodi: mahali inashika ni chuma, mahali inaanguka ni kidonda kilichopakwa unga na rangi. Halafu, na hapa Okelo alikuwa anainua kidole, vua koti, lala chini ya gari kwa mgongo. Tafuta chasisi, ile mifupa miwili mirefu ambayo gari yote inakalia. Pitisha kidole upande wa ndani kutoka mbele mpaka nyuma, kwa sababu upande wa nje wanapaka rangi lakini wa ndani wanasahau. Chasisi inatakiwa iwe laini kama mkono wa mtoto. Ukikuta uvimbe kama kovu, amka, sema asante, nenda nyumbani.

"Mnunuzi ambaye hana matope mgongoni," Okelo alikuwa anasema, "hajanunua gari. Ameuziwa."

Pikapu yangu ya kwanza niliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa meneja, akirudi kwao. Kwetu kitu kikubwa tunakihesabu kwa ng'ombe, hata kama umelipa kwa benki. Ile ilikuwa ng'ombe saba. Baba yangu alilalamika mwezi mzima kwamba kwa ng'ombe saba ningepata mke wa pili, na mama akamuuliza huyo wa pili angebeba magunia mangapi ya kabichi.

Na gari ilibeba. Viazi kutoka Kedowa, mahindi, mikebe ya maziwa, ndama kutoka soko la Sigor, majeneza, masofa ya maharusi, wanakwaya thelathini ambao hawakutakiwa kuwa thelathini. Wakati mmoja nilibeba nyumba. Si mchezo: mabati, milango, madirisha na bibi wa nyumba juu yake ameshika jiko, wakihamia Konoin. Nilikuwa najulikana. Watoto wangu watatu wamesoma na hiyo gari.

Ilipozeeka niliiuza kwa broka, nikijua nitaongeza kidogo ninunue nyingine. Hapo ndipo niligundua dunia ilikuwa imeondoka bila kuniaga. Nilienda Nakuru kuuliza mpya. Msichana mmoja mwenye adabu sana alinipa kiti, akanipa maji ya chupa, akaniandikia bei kwa karatasi, kwa sababu nafikiri kuisema kwa mdomo aliona haya. Nikaangalia, nikamuuliza kama hiyo ni pamoja na jengo.

"Hapana baba," akasema, "hiyo ni gari peke yake. Na ni kabla ya bei ya mwezi ujao."

Nikahesabu kwa ng'ombe. Nilipita ng'ombe wangu, nikapita wa ndugu zangu, nikafika kwa ng'ombe wa watu nisiowajua. Nikamaliza maji yake nikaondoka, maana hayo yalikuwa ya bure.

Kila mtu ana sababu yake. Wanasema ni dola. Mimi dola sijawahi kuiona hapa Kimulot, lakini yeye ananijua. Wanasema ni ushuru, wanasema siku hizi gari kuukuu haziruhusiwi kuingia bandarini. Mimi nitawaambia ile niliona kwa macho: bonasi ya chai ikitoka, bei ya pikapu kwa mayadi ya kuuza magari inapanda siku hiyo hiyo, hata kabla mkulima hajafika benki. Niliulizia moja Jumatatu. Nikarudi Alhamisi na ndugu yangu, gari ni ile ile, imekaa pale pale, hata kinyesi cha ndege juu ya kioo ni kile kile, na imepanda ng'ombe mmoja na nusu.

Na kati ya mwenye gari na wewe wamekaa mabroka, kila mmoja na simu mbili. Nikiwa natafuta, broka mmoja wa Kericho alinipeleka kuona pikapu ya kijani. Akaisifu. Ilikuwa ya mwalimu wa kike, alikuwa anaenda nayo kanisani tu, Jumapili, tena akiwa peke yake. Mimi nikainua kapeti kama nilivyofundishwa, nikaona kifuniko cha mkebe wa rangi kimepigiliwa misumari kwa sakafu upande wa dereva. Nilikijua. Nilikipigilia mimi. Ile ilikuwa gari yangu ya mzungu, imepakwa rangi, na alikuwa anataka mara mbili na zaidi ya pesa nilizopewa nikiiuza.

Nikamwambia broka kwamba huyo mwalimu wa kike ni mimi. Hakushtuka hata kidogo. Akaniambia, "Basi mzee hakuna mtu anaijua kuliko wewe, si uchukue?"

Sasa nifike kwa Hillary.

Hillary ana yadi ukiingia Kericho. Ni mtu wetu, wa kutoka hapa, anavaa shati jeupe na anakuita "baba" mpaka unasikia kumwachia urithi. Alikuwa na pikapu ya rangi ya fedha, na bei yake ilikuwa chini kidogo ya zingine. Si chini sana. Chini vile unaambia bibi yako "tumebahatika". Hapo ningejua. Wakati kila kitu kinapanda, kitu kinachoshuka kimesukumwa na mtu.

Nilienda na sumaku mfukoni. Nilikuwa nimevaa shati kuukuu la kulala chini. Lakini mnajua desturi yetu: gari haiingii nyumbani kama mbuzi wa kununuliwa. Lazima iombewe, na wazee wainyunyizie maziwa kwa majani ili isimwage damu. Kwa kawaida tunafanya hiyo nyumbani, gari ikishalala usiku mmoja. Hillary akasema hapana, kwa yadi yake hakuna kitu kinatoka bila maombi, na yeye mwenyewe atalipia usafiri wa mchungaji wangu na kina mama wa kanisa. Nilifurahi. Nilimwambia Mama Chebet, huyu kijana amelelewa vizuri.

Walikuja kumi na wanne. Waliimba. Mchungaji aliweka mikono juu ya boneti akaombea magurudumu, akaombea breki, akamfunga shetani wa ajali kutoka Kericho mpaka Bomet. Mzee Arap Birir, yule yule wa mtamba, alinyunyiza maziwa mbele na nyuma. Mama Chebet alikuwa analia. Hillary alikuwa analia pia, na hiyo inaniuma mpaka leo, kwa sababu alilia vizuri kuliko sisi.

Walipomaliza nikatoa sumaku, nikapiga goti nianze kulala chini. Kiongozi wa kina mama akaniuliza mbele ya watu wote:

"Baba Chebet, unatafuta nini huko chini, na Mungu ameshaona?"

Vijana, mngefanya nini? Watu kumi na wanne. Maziwa bado yanatiririka kwa taa. Kulala chini ya gari baada ya amina ni kama kuhesabu meno ya bibi harusi baada ya kiapo. Niliinuka. Nikajifanya nilikuwa naokota kofia. Hillary akanipa karatasi ya ukaguzi, ina mhuri, na mahali pameandikwa chasisi, mtu ameandika kwa kalamu: nzuri. Nikaweka sahihi.

Jioni nilimpigia Okelo, ambaye amestaafu na anafuga kuku huko kwao. Aliniuliza maswali machache kuhusu gia, halafu akauliza kama nililala chini. Nilimwambia tulimaliza na maombi.

"Omba," akasema, "lakini kwanza chafuka."

Nilikata simu nikamwona Okelo ni mzee mwenye wivu tu. Nikaendesha hiyo gari miezi mitano, na kila nikiingia kwa shimo nilisikia inalia kidogo nyuma ya kiti, nikasema ni bushi tu, zile raba za springi, nitabadilisha bonasi ikitoka.

Baada ya kutoka hospitali nilienda na magongo kuona mabaki. Sikuhitaji sumaku. Mbele ya chasisi ilikuwa ya gari moja, nyuma ya gari nyingine, zimeunganishwa chini ya kiti kwa moto na kufunikwa na lami. Hata unene wa chuma haukuwa sawa. Kwa hivyo nilikuwa nimelipa ng'ombe ishirini na mmoja kwa magari mawili, na hakuna hata moja niliyopata.

Fundi aliyeziunganisha sikumtafuta sana. Kericho si kubwa. Anaitwa Kimeli, na kila fundi wa jua kali anamjua kwa moto wake. Nilimkuta anachomelea lango la shule. Sikuanza na matusi, nilimweleza gari. Alifikiria, akaikumbuka, na uso wake ukafurahi kama mtu ameulizwa kuhusu mtoto wake.

"Ile kazi ilitoka vizuri, mzee. Mbele ilikuwa imepata ajali nyuma, na nyuma ilikuwa imepata ajali mbele. Ulibeba nini?"

"Ng'ombe mmoja."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Ah. Hawakuniambia ni ya ng'ombe."

Niliketi kwa mawe yake nikacheka tena, na yeye akanitolea chai. Aliniambia bila kuficha. Pikapu nzima siku hizi haishikiki, watu wanataka, hawawezi, kwa hivyo Hillary ananunua zilizogongwa, nusu hapa nusu huko, na yeye Kimeli anaziozesha. Ameozesha ngapi? Hakuwa anahesabu. Yeye ni mchomeleaji; akiletewa lango anachoma lango.

Nikaenda kwa Hillary. Alinikumbatia, aliona uchungu kwa mguu wangu, akasema yeye si fundi wala si mkaguzi, aliuza kitu chenye mhuri. Nikaenda kwa ofisi ya huyo mkaguzi wa mhuri, mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa semina. Mara ya pili alikuwa chai. Mara ya tatu nilimpata, mtu mnene mpole mwenye kalamu mbili, akaangalia karatasi, akakubali sahihi ni yake, akasema kama gari ilibadilishwa baada ya ukaguzi nimuulize fundi. Lakini Kimeli alishaniambia: aliunganisha mwezi wa pili, na karatasi ni ya mwezi wa nne. Nilimwambia hivyo. Akasema ofisi inafungwa saa saba kwa chakula.

Mjue simlaumu kila mtu sawa. Wa kwanza ni mimi, niliyekuwa na sumaku mfukoni na nikaogopa kina mama. Mchungaji wangu simlaumu; yeye aliombea gari aliyoonyeshwa, na ng'ombe alipona, na mzee alipona, na mimi naandika. Sasa hivi kanisani kwetu tumekubaliana kitu, na ni mchungaji mwenyewe alikileta: gari haiombewi mpaka mnunuzi aonyeshe mgongo wake una matope. Mwezi uliopita kijana mmoja wa kwaya alinunua pikapu, na mchungaji alimgeuza mbele ya watu kama mtoto anayekaguliwa chawa. Kina mama walicheka mpaka wimbo ukachelewa. Kiongozi wao, yule yule, ndiye aliniita nilale chini pamoja na kijana nimwonyeshe mahali pa kupitisha kidole. Nilipata shida kuinuka, lakini niliinuka na matope yangu.

Kimeli amesema atakuja kwa chifu na kueleza alichofanya, na mimi nimemwamini kwa sababu hajui kudanganya, anajua kuchoma tu. Hillary ameambiwa na wazee afike pia. Ana yadi, ana jina, ana mama yake huku, hatakimbia mbali. Hao wawili tutaongea nao kwa lugha yetu.

Lakini wewe wa mhuri. Bei zimepanda, sikulaumu kwa hiyo, hukuzipandisha. Ni kwa sababu zimepanda ndiyo tunanunua zilizotumika, na ni kwa sababu tunanunua zilizotumika ndiyo serikali ilikuweka hapo, na kukupa taa, na shimo la simiti la kuingia chini ya gari ukiwa umesimama wima, bila hata kuchafua shati. Mimi nilikuwa na watu kumi na wanne wa kuniaibisha. Wewe ulikuwa na nani? Uliandika "nzuri". Uliingia kwa hilo shimo, ama uliandika ukiwa umeketi? Sitaki pole, na sitaki unirudishe kwa fundi. Jumanne nitakuwa kwa mlango wako kabla haujafunguliwa, na Mzee Arap Birir, na Kimeli, na kila mtu wa huku aliyenunua gari yenye sahihi yako, na tutaketi hapo mpaka ujibu: uliingia, ama hukuingia?